Dirisha la Mzee Wabwile

"Hapo ameandika nini?" Wakoli akauliza.

Hawo, mwenye saiba hii ya kukodisha kompyuta, aliinama kupanga karatasi za printa ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Nakhungu alisimama na tambara lake mkononi, maji yakimdondokea miguuni. Baba yake, Mzee Wabwile, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama kitu alichopewa amshikie mtu. Wa kushoto ulikuwa juu ya vitufe. Kwenye skrini, kwa herufi kubwa ambazo Hawo mwenyewe alikuwa amezinenepesha ili mzee azione, kulikuwa na mstari mmoja:

iwalxakppxxaoli

Wakoli alikuwa msomaji wa kuunganisha herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, lakini hata yeye aliona kwamba hapo hapakuwa na jiwe la kukanyaga.

"Baba mkubwa, si ukae kwanza," Nakhungu akasema, akimsogezea kiti cha plastiki.

"Sikuja kukaa." Wakoli alivaa kofia yake, akaivua tena. "Mimi nilikuja kuona kama ndugu yangu yuko. Mkaniambia kalamu imemshinda, nikasema sawa. Mkaniambia ati macho yake yamekuwa ya moshi, hawezi kuonyesha herufi kwa kidole, nikasema sawa. Kichwa kinatikisika chenyewe, ndiyo na hapana ni moja tu, nikasema sawa. Sasa mnaniambia kompyuta. Na hii ndiyo kompyuta?"

Mzee Wabwile akageuza uso wake nusu. Upande mmoja wa uso ule ulikuwa wake. Ule mwingine kiharusi kilikuwa kimeuachia mvuto wa ardhi. Alitoa sauti. Ilikuwa sauti ya mtu anayeita kutoka ndani ya pipa. Kisha machozi yakamtoka, na akagonga kitufe kimoja mara nyingi mno, na skrini ikajaa x kutoka ukingo hadi ukingo.

"Hiyo si ugonjwa wa hospitali," Wakoli akamwambia Nakhungu kwa upole. "Mama, sikiza. Jumamosi pikap ya Wanjala inaleta mahindi hapa Kitale. Ikirudi, nitampeleka nayo. Kule kambi ya maombi, wamesaidia watu wengi."

Nakhungu aliijua kambi hiyo. Ilikuwa ng'ambo ya soko la Tongaren, na aliwahi kuipita wakati wa kuvuna akiwa amejitwika debe. Chini ya paa la mabati kulikuwa na nguzo, na kwenye kila nguzo mtu. Hawakuwa wakipigwa. Walipewa uji na kuimbiwa. Lakini kila mguu ulikuwa na kamba, na mwanamume mmoja aliyemtazama alikuwa na kifundo cheusi kama kitako cha sufuria.

"Na wanamfungua lini?" akauliza, ingawa alijua.

"Akitaja jina lake na kumkiri Bwana. Kwa mdomo wake mwenyewe."

Nakhungu alitazama mdomo wa baba yake.

"Baba mkubwa, hawezi kusema. Hawatamfungua maisha."

"Huo ulimi ndio umefungwa, mama. Ndio tunaenda kuufungua."

Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo palipomuuma Nakhungu. Huyu ndiye aliyembeba ndugu yake mgongoni usiku ule alipoanguka, kutoka Kipsongo mpaka hospitali, kwa sababu hapakuwa na gari la kuingia njia zile kukinyesha. Mtu mbaya ungemfungia mlango. Huyu ungemfungia mlango gani?

"Nipe mpaka hiyo Jumamosi," akamwambia. "Akikuambia kitu yeye mwenyewe, kitu cha mtu mzima, utamwacha?"

Wakoli alitazama skrini iliyojaa x. "Aniambie hata neno moja la akili," akasema. "Moja tu. Nitarudi na pikap tupu."

*

Nakhungu alikuwa amefika darasa la nane na kuishia hapo. Kazi yake kwa Hawo ilikuwa kufagia, kupiga deki na kufuta vumbi kwenye skrini kabla wateja hawajafika. Hakujua kompyuta. Alichojua ni kutazama. Alikuwa mtoto wa kutumwa, na mtoto wa kutumwa hujifunza kukaa mlangoni akisubiri wakubwa wamalize, macho wazi, mdomo umefungwa.

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata aliomba tena.

"Nakhungu, mashine yangu si wodi," Hawo akasema, lakini tayari alikuwa akivuta kiti. "Mpaka nifungue mlango. Wateja wakiona mzee analia watasema nimepandisha bei."

Nakhungu hakutazama skrini siku hiyo. Alitazama mkono. Akapiga magoti kando ya meza kama anayefuta miguu ya kiti, akautazama mkono wa kushoto wa baba yake ukifanya kazi.

Haukuwa mkono wa kichaa. Kichaa hana mpango. Mkono huu uliandika kidogo, ukakosea, ukajua umekosea, ukasimama. Halafu ukapanda mpaka kitufe cha pembeni kabisa, juu kushoto, ukakigonga. Ukarudi. Ukagonga x. Na hapo mzee alisogeza uso karibu na kioo, akangoja. Alikuwa akingoja herufi mbaya ipotee. Badala ya kupotea, ilipata jirani: x. Akajaribu tena. Jirani wa pili.

Na Nakhungu, akiwa amepiga magoti, tambara limemkaukia mkononi, akajiona mtoto tena.

Alikuwa akimpelekea baba yake githeri ya mahindi na maharagwe kwenye kibakuli chenye kifuniko, kule kwenye barabara iendayo Kwanza, kwenye mradi wa wazungu wa kupima mahindi. Baba alikuwa mwandishi wa mashine. Ofisi ilikuwa na baridi, na kompyuta ya huko haikufanana na hizi za Hawo. Skrini yake ilikuwa nene kama tumbo la ng'ombe, na ndani yake dirisha jeupe, na upande wa kushoto wa dirisha, kutoka juu mpaka chini, alama za viwimbi vidogo vilivyopangana kama nyuzi za mshono. Baba akimaliza kula alimpakata. Akamwambia, hii x ina njaa, hebu ilishe. Nakhungu alibonyeza, na herufi ikaliwa. Alibonyeza tena, ikaliwa nyingine. Alicheka mpaka mzungu akatoa kichwa mlangoni.

Baadaye mradi ulifungwa, mashine zikapakiwa kwenye makasha, na baba akarudi nyumbani Kipsongo kuuza makaa. Vidole vyake havikugusa kitufe tena mpaka wiki hii. Lakini vidole havikuwa vimeambiwa kwamba mradi ulifungwa.

"Dada Hawo," akasema, bado chini sakafuni. "Yeye anajua anachofanya. Ni kompyuta ndio haijui."

Hawo alimgeukia. "Wewe umelala kweli jana?"

"Kuna ingine. Ya zamani. Ina viwimbi hapa kando. Huko, ukibonyeza x, inakula."

"Mimi najua Word, najua Yahoo, najua kuprinti. Hiyo ya kula sijui." Hawo akainuka kufungua mlango, kisha akasita akiwa ameshika komeo. "Hao wa mradi, hakuna aliyebaki huku?"

Alikuwepo mmoja. Kijana wa zamani aliyekuwa akimsaidia baba, Daud, sasa mwalimu wa kompyuta Bungoma.

*

Alimpata Daud katika chumba nyuma ya msikiti wa mjini Bungoma, akiwafundisha wasichana kuandika bila kutazama vidole. Alikuwa amenenepa na ndevu zimeingia mvi, lakini alipotabasamu Nakhungu alimtambua.

"Binti wa Mzee Wabwile? Yule wa githeri?" Daud akacheka. "Ulikuwa unakula data yetu wewe. Mzee yuko?"

"Yuko, Mwalimu. Lakini hayuko."

Akamweleza. Alipofika kwenye viwimbi vya upande wa kushoto, Daud aliacha kucheka. Alipofika kwenye kitufe cha pembeni na x, alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ile mashine ilikuwa ya Unix, mfumo wa zamani," akasema. "Na ile programu, ukiwa hauandiki, herufi si herufi. Ni kazi. Hii inafuta, hii inashuka, hii inapanda. Ukitaka kuandika, unabonyeza i kwanza, ndio inakupa ruhusa. Ukimaliza, ile ya pembeni inakutoa. Mzee aliifanya miaka mingi, bana. Mkono wake hauwezi kuandika vingine. Sasa mmemweka kwa Windows, kila kazi anayofanya inageuka herufi. Mimi mwenyewe ningelia."

"Unayo?"

"Watu hawaitumii siku hizi. Lakini ninayo."

Alimpa CD aliyoiandika jina kwa kalamu ya wino mweusi. Akamketisha mbele ya mashine na kumwonyesha, naye Nakhungu akatazama kama alivyozoea kutazama.

"Sikiza. Hii ni ya Unix, inakuja kukaa kwa Windows. Ni mgeni kwa nyumba ya watu. Mgeni akiingia na hakuna kiti, atafanya nini? Atasimama kwa kona. Kwa hivyo kwanza unabonyeza hii. Unaona alama ya X imetokea hapa chini kando ya saa? Hicho ni kiti. Hicho ndicho kinamshikia dirisha. Halafu sasa unafungua hii nyeusi, ya kuandikia amri, unaandika gvim, unapiga Enter. Anakuja na dirisha lake, jeupe, na hapa juu unachagua herufi kubwa. Na haiachi kitu ndani ya mashine, mwambie mwenye saiba asiogope."

"Kiti kwanza," Nakhungu akasema.

"Kiti kwanza." Daud alimsindikiza mpaka mlangoni. "Mwambie mzee Daud anasalimia. Mwambie bado nawafundisha hawa watoto vile alinifundisha, kwa kugongwa vidole na rula."

*

Jumamosi, pikap ya Wanjala ilifika mapema kuliko ilivyosemekana. Nakhungu alikuwa amepanga kufanya mambo kwa utulivu, mlango ukiwa umefungwa, baba akiwa amekunywa chai. Lakini CD ilipoingia kwenye mashine, injini ilikuwa tayari inanguruma nje ya saiba, na Wakoli aliingia akiwa na koti lake la kanisani. Mkononi alikuwa na kamba ya katani, mpya, bado imefungwa vile ilivyotoka dukani.

"Ya nini hiyo?" Hawo akauliza.

"Njia ni mbaya huko mbele. Asianguke kutoka kwa pikap." Wakoli hakumtazama machoni.

"Kaa basi, mzee, chai inakuja."

"Sikuja kukaa."

Alisimama nyuma ya ndugu yake. Nakhungu alimsikia akipumua. Vidole vya Nakhungu vilikuwa vimekuwa vya mtu mwingine, vinene, vyenye jasho. Akafungua ile nyeusi. Akaandika neno, akakosea, akaandika tena. Akapiga Enter.

Maandishi ya Kizungu yakatokea, kitu kuhusu display, pa kuonyeshea, kukataa kufunguka. Akapiga Enter tena. Dirisha jeusi likasafishika, na hapo, upande wa kushoto, kutoka juu mpaka chini, vikatokea viwimbi.

Viwimbi. Nakhungu alitaka kupiga kelele. Lakini vilikuwa vidogo kama chawa, vyeupe hafifu ndani ya giza. Baba yake alisogeza uso. Akasogeza tena, mpaka pua ikagusa kioo na pumzi yake ikakitia ukungu. Jicho lake lenye nafuu lilizunguka, likitafuta. Mkono ukapanda kwenye vitufe, ukaandika kitu, ukasimama. Hakuwa anaona. Alikuwa kama mtu aliyefikishwa mlangoni pa nyumba yake gizani na kuambiwa alitafute tundu la kufuli.

Akatoa ile sauti ya ndani ya pipa.

"Basi," Wakoli akasema.

"Ngoja kidogo, baba mkubwa."

"Mama, basi. Unamtesa."

"Ngoja."

"Unamtesa ndugu yangu mbele ya watu." Sauti yake ilikuwa inakwaruza. Aliinama, akapitisha mkono wake mmoja chini ya kwapa la mzee, kama usiku ule wa mvua. Mzee Wabwile alishika ukingo wa meza kwa mkono wake wa kushoto. Hakuushika kwa nguvu; nguvu hazikuwepo. Aliushika tu, na Wakoli akaanza kubandua vidole vile, taratibu, kimoja kimoja, kama anavyobanduliwa mtoto kutoka kwenye nguo ya mama yake.

Nakhungu alitazama skrini. Alitazama kwa sababu hakujua kufanya kingine; kila kitu maishani mwake alikuwa amekipata kwa kutazama. Alitazama viwimbi, akatazama kona, akatazama chini kando ya saa. Palikuwa na saa peke yake. Hapakuwa na alama yoyote.

Alikuwa amemkaribisha mgeni na hakumpa kiti.

"Dada Hawo, mshike," akasema.

"Nimshike nani?"

"Baba mkubwa. Mshike mkono."

Na Hawo, ambaye dini yake na malezi yake havikumruhusu kumgusa mwanamume asiye wake, alichukua kikombe cha chai ya moto, chenye kujaa mpaka ukingoni, akamwekea Wakoli mbele ya kifua. "Pokea, mzee. Inaniunguza." Wakoli akalazimika kumwachilia ndugu yake ili akipokee. Chai ilimmwagikia vidoleni na kwenye kamba. Hakuweza kukiweka chini wala kukinywa.

Nakhungu alifunga nyeusi. Alirudi mwanzo. Alibonyeza kile cha kwanza, cha kiti, akangoja. Mashine ilikoroma. Nje, Wanjala akapiga honi. Mashine ikakoroma zaidi, na kando ya saa, ndogo, alama ya X ikachomoza.

Sasa nyeusi. Sasa neno. Enter.

Lilikuja dirisha jeupe, pana, na mwanga wake ukampiga mzee usoni. Nakhungu alipanda juu kwenye orodha ya herufi kama alivyoonyeshwa, akachagua kubwa, akachagua kubwa kuliko hiyo. Viwimbi vikavimba vikashuka upande wa kushoto, vinene, vya samawati, kama vile alivyoviona akiwa amepakatwa.

Hakumwambia baba kitu. Aliuinua mkono wa kushoto kutoka kwenye ukingo wa meza, akauweka juu ya vitufe, akaondoa wake.

Mkono ulilala hapo. Wakoli alikuwa bado ameshika kikombe. Kisha kidole kimoja kikaamka, kikapanda kwenye pembe, kikagonga, kama mtu anayebisha hodi kuhakikisha kuna wenyeji. Kikarudi. Kikagonga i. Chini kabisa ya dirisha likatokea neno la ruhusa.

w, mkono ukaandika. a. l.

Ukasimama. Ukapanda pembeni, ukagonga, ukarudi. x.

Herufi ikaliwa.

Mzee Wabwile alibaki akipatazama mahali ilipokuwa. Upande wa uso uliokuwa bado wake ulianza kutikisika, si kwa ugonjwa. Mabega yalishuka, kama ya mtu aliyetua gunia. Akaendelea. k. Kidole kikateleza, p mbili kwa pamoja. Pembeni. x, ikaliwa. x, ikaliwa. Hakuwa na haraka tena. Alikuwa mtu kazini kwake, asubuhi, ameshakula.

"Anaandika nini?" Wakoli akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Soma, baba mkubwa."

"Nisomee wewe."

"Ni yako. Soma."

Wakoli aliinamia skrini juu ya bega la ndugu yake. Midomo yake ilisogea. "W," akasema. "A. Wa." Alivuta pumzi. "K na o. Ko. Wa-ko." Hapo akaacha kuunganisha herufi, kwa sababu jiwe lililobaki aliliona kabla ya kulikanyaga.

Nje, honi ikapigwa tena, mara mbili. Hakuna aliyekwenda mlangoni.

Kidole kiliruka nafasi. Kikatafuta. k. a. Kisha a nyingine, na hiyo iliandikwa pole pole, kwa kubonyezwa kwa uzito, kama anavyofanya mtu akigonga kiganja kwenye benchi kumwonyesha mgeni pa kukaa.

wakoli kaa

Wakoli alisoma mara moja kimya, na mara ya pili kwa sauti. Akatazama nyuma yake, akitafuta. Hawo alisukuma kile kiti cha plastiki kwa mguu mpaka kikamgusa Wakoli nyuma ya magoti, naye akajishusha juu yake na koti lake la kanisani, kikombe mkono mmoja, kamba iliyolowa chai mkono wa pili. Aliitazama kamba kama asiyejua ilivyomfikia. Alitafuta pa kuiweka, juu ya meza, chini ya kiti, asipate, mwishowe akaiacha mapajani.

Mbele yake, kidole cha ndugu yake kilikuwa tayari kimepanda pembeni, kimegonga, kimerudi, na kinatafuta herufi nyingine.